Namna ya kupata RPG za zamani zenye mapigano yanayonoga, ukiwa Mwanza

Mwombe mchezaji yeyote wa gemu akutajie RPG nzuri ya zamani (gemu ya hadithi ndefu ambamo wapiganaji wako wanakua levo kwa levo), atakutajia Final Fantasy VII, kisha ataanza kukusimulia hadithi yake. Hadithi ni nzuri kweli. Lakini RPG ya saa 40 ina mapigano mamia kwa mamia, na kama kila pigano ni kubonyeza kitufe cha X hadi adui aanguke, hadithi peke yake haitakufikisha mwisho. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye pigano lenyewe: namna ya kulipima, gemu za kuanza nazo, kisha namna ya kuzinunua na kuziendesha huku kwetu kandokando ya ziwa, ambako umeme hukatika bila kubisha hodi na mashine zote za aina hii ni mitumba.

Kwa "zamani" tunamaanisha kuanzia enzi za Super Nintendo, iliyotoka Japani 1990, kupitia PlayStation ya kwanza (PS1) na ya pili (PS2), hadi PSP, PlayStation ya mkononi.

Pima pigano kabla hujaipenda gemu

Njia ya haraka ni jaribio la kitufe kimoja. Anza gemu, nenda hadi kwa bosi (adui mkubwa) wa kwanza, na njia nzima usitumie kitu kingine zaidi ya amri ya kushambulia na dawa za kurudisha uhai. Bosi akianguka hivyohivyo, gemu bado haijakuuliza swali lolote. Ipe bosi mmoja zaidi. Na huyo naye akianguka kwa X, X, X, iweke pembeni, kuna nyingine nyingi.

Ukishindwa, chunguza umeshindwaje. Kuna kushindwa kwa sababu namba zako ni ndogo: adui anakupiga 80 na wewe una uhai 75, kwa hiyo huna la kufanya ila kurudi nyuma ukapande levo. Na kuna kushindwa kwa sababu hukumsoma adui. Unarudi na levo ileile, silaha zilezile, ila mpango mwingine, na unashinda. Gemu ya namna hii ya pili ndiyo unayoitafuta. Ukikutana nayo utaijua, kwa sababu hata ukizima mashine kichwa kinaendelea kupigana.

Kitu kingine cha kupima ni muda. Chukua simu, hesabu sekunde tangu skrini inapogeuka kuingia kwenye pigano hadi unapoweza kutoa amri ya kwanza. Sekunde 10 zinaonekana kidogo, lakini zikijirudia mapigano 400 ni zaidi ya saa nzima ya kutazama kamera ikizunguka. Final Fantasy IX kwenye PS1 inasumbua hapa, na ni hasara, maana mengine yake mengi ni mazuri. Chrono Trigger ya 1995 haina tatizo hilo kabisa: maadui unawaona mbele yako, na pigano linaanza palepale mlipokutana.

Tahadhari moja. Baadhi ya gemu hufungua mapigano yake polepole, na ukizipima mapema utazionea. Final Fantasy V haikupi kazi za kuchagua, kama mchawi, mwizi au mpiganaji wa ngumi, mpaka kioo cha kwanza kivunjike. Final Fantasy XII inachukua saa kadhaa kabla ya kukukabidhi Gambit, maagizo unayowaandikia wapiganaji wako, ambazo ndizo moyo wake. Hizi zipe saa 5.

Gemu za zamu: anayefikiri vizuri ndiye anayeshinda

Kama ni mtu wa drafti, anzia hapa. Unacheza, unasubiri, mwenzako anacheza. Tofauti kati ya gemu ya zamu inayochosha na inayonoga ni moja: je, zamu yenyewe ina thamani inayopanda na kushuka?

Final Fantasy X (PS2, 2001) ndiyo mwalimu mzuri kuliko wote kwa anayeanza. Upande wa kulia wa skrini kuna orodha ya nani anafuata kucheza, wewe na maadui. Ukiweka kishale juu ya amri, orodha inajipanga upya kabla hujaithibitisha, unaona kabisa kwamba kitendo hiki kitakurudisha nyuma na kile kitakuwahisha. Kubadilisha mpiganaji katikati ya pigano ni L1, na hakuli zamu. Maadui wa mwanzo wametengenezwa wakufundishe: wanaoruka ni wa mpiganaji wako Wakka, wenye magamba magumu ni wa Auron, wepesi wanaokwepa ni wa Tidus, na wale wa urojorojo wasiosikia upanga ni wa Lulu na uchawi wake. Kosa la wageni ni kung'ang'ania watatu wanaowapenda. Mpiganaji asiyeshiriki pigano hapati pointi za kukua, basi kila mmoja muingize afanye walau kitendo kimoja, hata cha kujikinga, kisha mtoe.

Grandia (mashine ya Sega Saturn 1997, baadaye PS1) ina mstari ambao picha ndogo za wapiganaji zinatembea juu yake. Picha ikifika alama ya COM, unatoa amri. Ikifika ACT, kitendo kinatokea. Utamu uko kati ya alama hizo mbili. Adui akiwa katikati hapo anajiandaa kupiga, ukamwahi na pigo la Critical, moja ya aina mbili za shambulio, kitendo chake kinafutwa na picha yake inasukumwa nyuma. Bosi mwenye uchawi wa kumaliza kikosi kizima anaweza asiurushe hata mara moja kama unajua kusubiri. Ukizoea kutumia Combo, aina ya pili, kwa sababu inapiga mara mbili, utashangaa mbona bosi anakumaliza; Combo ni ya kuumiza, Critical ni ya kuzuia. Nusu ya ustadi wa Grandia ni kujua saa ipi ni ya ipi.

Kisha kuna Shin Megami Tensei III: Nocturne (PS2, 2003), ambayo Ulaya iliuzwa kwa jina la Lucifer's Call. Tunaipa nafasi ndefu kwa sababu hakuna gemu ya zamu inayoonyesha wazi zaidi sheria inavyogeuka kuwa msisimko. Juu ya skrini kuna alama za zamu, moja kwa kila mpiganaji wako, kwa hiyo mkiwa wanne mna alama 4. Mpige adui kwa kitu anachokiogopa, au upate Critical (hapa ni pigo la bahati lenye nguvu zaidi), na alama haizimiki: inametameta, utaitumia tena. Ukipanga sawasawa, alama 4 zinazaa vitendo 8. Ukikosa shabaha, au ukitumia shambulio lisilomwingia, zinapotea alama 2 kwa mkupuo. Akilirudisha au kulinyonya, zote zimekwenda, na sasa ni zamu yake.

Na sheria hizohizo zinamfaidisha adui. Hapo ndipo Matador, bosi wa saa za mwanzo katika toleo la Kiingereza, anapowaangusha wachezaji wengi wakaacha gemu kabisa. Anaanza kwa Red Capote, inayopandisha wepesi wake hadi juu kabisa. Kuanzia hapo mapigo yako yanamkosa, kila kukosa kunakula alama 2, na kikosi cha wanne kinamaliza zamu kikiwa kimefanya vitendo viwili visivyomgusa. Kisha anapiga kwa upepo wa Force. Wenzako kikosini ni mapepo, na ukiwa na mmoja tu anayeogopa Force, kila pigo linalompata linamwongezea Matador kitendo kingine. Kwenda kupanda levo 5 hakukusaidii sana. Dawa ni kuingia na mapepo wasioogopa Force, na bora zaidi wanaoikinga. Kuwa na Fog Breath ya kumshusha wepesi, au Sukukaja ya kupandisha wa kwenu. Na kutumia zamu mbili za mwanzo kwa hayo tu, bila kushambulia. Ukimshinda hivyo, umeielewa gemu nzima. Ukitaka mafunzo ya utangulizi kwa upole zaidi, Persona 3 (2006) na Persona 4 (2008) zinatumia wazo la karibu na hilo: gusa udhaifu, adui anaanguka chini, unapata zamu ya ziada.

Gemu za mkono: zamu zinazodai kubonyeza kwa wakati

Hizi ni za zamu pia, ila amri ikishatoka kidole hakipumziki. Super Mario RPG (1996) ndiyo nyepesi: bonyeza wakati nyundo inagusa, pigo linazidi, bonyeza wakati unapigwa, maumivu yanapungua. Mario & Luigi: Superstar Saga kwenye Game Boy Advance (2003) inaenda mbali zaidi, A ni ya Mario na B ni ya Luigi, na karibu kila pigo la adui linaweza kukwepwa na mchezaji anayemtazama vizuri adui anavyojiandaa.

The Legend of Dragoon (PS1, Japani 1999, diski 4) inastahili kutazamwa kwa karibu. Ukishambulia, mraba unazunguka huku ukinywea kuelekea mraba mdogo wa katikati. Inapokutana unabonyeza X, pigo linaendelea. Ukikosa, mpiganaji anajikwaa na pigo linaishia hapo. Dart, mhusika mkuu, anaanza na Double Slash, inayotaka kubonyeza mara 1 tu. Zinazofuata zinataka mara nyingi zaidi, na kila moja ina mdundo wake, kama ngoma mbili za mikoa tofauti. Katikati ya mapigo adui anaweza kujibu: mraba unabadilika rangi kuwa mwekundu, na hapo kitufe ni duara badala ya X. Wengi hushindwa hapo kwa sababu wamekariri X.

Namna ya kujifunza: chagua Addition moja (mfuatano wa mapigo kama Double Slash), usibadilishe kila baada ya pigano, na rudia kwa adui dhaifu mpaka uweze 8 kati ya 10 bila kutazama mraba, kwa mdundo tu. Ukiona unachelewa kila mara, kwa kiasi kilekile, kosa huenda liko kwenye TV. Tutalifikia.

Shadow Hearts (PS2, 2001) inatumia duara lenye mshale unaozunguka kama wa saa, na maeneo ya rangi ambayo lazima uyaguse mshale ukipita. Mwisho wa eneo kuna ukingo mwembamba mwekundu: ukiugusa pigo linakuwa kubwa zaidi, ukiupita kidogo tu umekosa kabisa. Kila zamu unaamua mwenyewe kama leo una mkono wa kuthubutu. Hata kutumia dawa kunapita kwenye duara hilo.

Xenogears (PS1, 1998) ni suala la kumbukumbu: pembetatu, mraba na X ni mapigo mepesi, ya kati na mazito, yanayokula pointi 1, 2 na 3, na mfuatano fulani unazaa pigo la kumalizia. Ujue mapema kwamba diski ya pili ina simulizi nyingi na mapigano machache. Valkyrie Profile (PS1, 1999) inampa kila mmoja wa wapiganaji wanne kitufe chake, na kazi yako ni kupanga nani anapiga lini ili adui abaki hewani na kipimo kijae hadi 100.

Za moja kwa moja, na za kupanga kikosi

Hapa tutapita haraka kidogo. Anayetoka kwenye gemu za ngumi aanze na Tales of the Abyss (PS2, 2005): pigano linaenda mbele na nyuma, na ukishikilia L2 unakimbia popote uwanjani. Star Ocean: The Second Story (PS1, 1998) ina fujo tamu ya namna hiyo. Kingdom Hearts (2002) utaipata kirahisi kwa sababu iliuzwa sana.

Vagrant Story (PS1, 2000) ni ya peke yake. Unasimamisha muda, unachagua kiungo cha kupiga, kisha unaunganisha mapigo kwa kubonyeza kwa wakati. Kila pigo linapandisha Risk, na Risk ikipanda shabaha yako inashuka na maumivu unayopata yanaongezeka. Watu huiacha wakilalamika kwamba wanapiga 0 au 1. Sababu ni kubeba silaha moja. Beba tatu, ya kukata, ya kuponda na ya kuchoma, kila moja ikiwa imezoeshwa kwa aina zake za maadui, na ubadilishe.

Final Fantasy XII (PS2, 2006) inakupa Gambit: mistari ya masharti unayoiandikia kila mpiganaji, inayosomwa kutoka juu kwenda chini. Mstari wa juu: mwenzetu akiwa chini ya asilimia 50 ya uhai, mtibu. Wa chini yake: mshambulie adui anayeshambuliwa na kiongozi. Ukiugeuza mpangilio, tabibu wako atashambulia huku mwenzake anakata roho, kwa sababu mstari wa juu daima una kitu cha kufanya. Ukiona kikosi kinafanya upumbavu, soma mistari kutoka juu.

Final Fantasy Tactics (1997) ni drafti kamili: uwanja wa miraba, miinuko, na mwenzako akianguka kuna hesabu ya zamu 3 juu ya kichwa chake kabla hujampoteza moja kwa moja.

Kununua mashine na diski

PS2 ndiyo mashine ya busara kuanza nayo, kwa sababu inasoma diski za PS1 pia: kwa mashine moja umefungua karibu orodha yote hapo juu. Unapozunguka kwa wauza mitumba ya elektroniki, Makoroboi na mitaa ya katikati ya mji, usilipe kabla ya kufanya haya:

1. Geuza mashine usome maandishi ya umeme nyuma. Umeme wetu ni volti 230. Iliyoandikwa 100V au 120V peke yake, ya Japani au Marekani, ukiichomeka ukutani inaungua. PS2 nyembamba za mwanzo zina adapta ya nje inayotoa volti 8.5, soma adapta, si mashine tu, na ukatae adapta ya kuungaunga.
2. Jaribu kwa diski tatu: ya PS2 yenye mgongo wa fedha, ya PS2 yenye mgongo wa buluu kama unayo, na ya PS1. Lenzi inayochoka husoma aina moja na kugoma nyingine.
3. Acha gemu iende dakika 20. Kasoro nyingi hazitokei mashine ikiwa baridi.
4. Sevu, zima, washa, fungua sevu hiyo. Memori kadi bandia hupokea leo na kusahau kesho.

Kuhusu memori kadi: kadi ya PS2 ni MB 8, na gemu za PS1 hazisevu humo. Zinahitaji kadi ya PS1 yenyewe, ya bloku 15. Unaweza kunakili sevu ya PS1 kwenda kadi ya PS2 kwa ajili ya kuihifadhi, lakini huwezi kuichezea ikiwa huko. Watu wamepoteza saa nyingi kwa kutojua jambo hili moja.

Diski isome herufi zake. SLUS au SCUS ni ya Marekani, SLES au SCES ni ya Ulaya, SLPS, SLPM au SCPS ni ya Japani. Mashine ya PS1 na PS2 isiyopigwa chip (kifaa cha kuondoa kizuizi cha eneo) hukubali diski za eneo lake tu. Na eneo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu Xenogears, Valkyrie Profile na Final Fantasy Tactics za PS1, pamoja na Tales of the Abyss ya PS2, hazikuuzwa Ulaya. Ukiwa na mashine ya Ulaya utazitafuta bila mafanikio. Diski za Kijapani mara nyingi hutumia duara kukubali na X kurudi, jambo linalovuruga kidole wiki nzima ya kwanza. PSP haina kizuizi cha eneo kwa gemu zake, wala Game Boy Advance. Valkyrie Profile na Final Fantasy Tactics zote mbili zilitolewa upya kwenye PSP, na kwa mtu wa Ukerewe au visiwa vingine ambako umeme ni wa mgao, mashine yenye betri yake ndiyo jibu. Betri iliyovimba usiichaji hata mara moja.

Vumbi la barabara za milimani na unyevu wa ziwani vyote viwili vinaishia kwenye lenzi. Ikigoma kusoma, usikimbilie kumwambia fundi aongeze nguvu ya lenzi. Hilo huipa miezi kisha huiua. Anza na kijiti cha pamba chenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, pitisha juu ya lenzi bila kukandamiza, subiri dakika 10 ikauke. PS1 na PS2 nyembamba ukifungua mfuniko lenzi iko hapohapo. Spiriti yenye rangi inaacha utando, usiitumie. Mashine isiyotumika ifunike kwa kitambaa, na isiwekwe sakafuni.

TV: kitu kinachoharibu gemu za mkono

TV ya chogo ni rafiki mkubwa wa gemu hizi. Inaonyesha picha palepale inapoipokea. Flat skrini nyingi huichakata picha kwanza, na kuchelewa kwa milisekunde 100 ni sawa na fremu 6 za gemu inayoenda fremu 60 kwa sekunde. Kwenye Legend of Dragoon au Shadow Hearts hiyo ni tofauti kati ya pigo kamili na kujikwaa. Ingia kwenye mipangilio ya picha, washa hali ya gemu, zima kila kinachojiita kulainisha mwendo au kupunguza chenga. Kisha rudia mapigo 10 uone.

Waya wa komponenti, wenye plagi tatu za picha, unasafisha sana PS2. Lakini gemu za PS1 kupitia waya huo hutoa picha ya mistari 240, ambayo flat skrini nyingi haziitambui: skrini nyeusi, sauti ipo. Mashine haijafa. Rudisha waya wa njano. Na ukiona picha haina rangi kwenye TV ya zamani, gemu inatoa NTSC, mfumo wa picha wa Marekani na Japani, na TV inajua PAL, ule wa Ulaya, peke yake.

Matoleo ya Ulaya ya enzi hiyo mengi yanaenda kwa 50 Hz badala ya 60, na yasiporekebishwa yanakuwa polepole kwa takribani asilimia 17. Final Fantasy X ya Ulaya ni mojawapo, na ina mikanda myeusi juu na chini. Kwa gemu ya zamu unaweza kuvumilia. Kwa ya mkono, tafuta toleo la Marekani.

Ukitumia simu

Kabla ya emuleta, yaani programu inayoigiza mashine ya gemu, tazama duka la programu la simu yako: Chrono Trigger, Final Fantasy V na Dragon Quest VIII zinauzwa humo kihalali, na kadi ya malipo ya mtandaoni ya kampuni ya simu inaweza kulipia. Chrono Trigger ndiyo tungeanza nayo.

Kwa diski ulizo nazo, nakili kwa kompyuta yenye CD kwa programu ya ImgBurn upate mafaili ya bin na cue. Diski moja ya PS1 ni hadi karibu MB 700, kwa hiyo gemu ya diski 4 inakaribia GB 3; ipunguze kwa programu ya chdman, kwa amri hii:

chdman createcd -i diski1.cue -o diski1.chd

Ukimaliza zote, andika faili la maandishi lenye mwisho wa .m3u, kila mstari jina la diski moja kwa mpangilio, na ufungue hilo badala ya diski yenyewe. Usipofanya hivyo, emuleta inaweza kuichukulia kila diski kama gemu tofauti yenye memori kadi yake, na ukifika mwisho wa diski ya kwanza sevu yako haionekani.

Kwenye RetroArch, programu inayobeba emuleta nyingi, simu ya bei ya chini itafurahia emuleta ya PCSX ReARMed, ambayo inaweza kwenda bila BIOS (programu ya ndani ya mashine halisi). Beetle PSX inataka simu yenye nguvu na BIOS kutoka kwenye mashine yako, faili la scph5501.bin kwa gemu za Marekani, liwe ndani ya folda ya system. Kwa PSP kuna PPSSPP, haihitaji BIOS. Vitufe vya kwenye kioo vinatosha kwa gemu za zamu. Kwa gemu za mkono tafuta padi ya waya ya USB. Za Bluetooth za bei rahisi huchelewa, na unarudi kwenye tatizo la TV.

Sevu zako

Umeme ukikatika katikati ya kusevu, si sevu hiyo tu inayoweza kuharibika, bali kadi nzima. UPS (betri ya akiba) ndogo ya kompyuta inakupa dakika za kutosha kumaliza pigano na kufika pa kusevu. Bila UPS, tumia kadi mbili na usevu kwa kupokezana. Kwenye simu, sevu ya papo kwa papo ya emuleta ni nzuri kwa kupumzika, lakini emuleta ikipata toleo jipya inaweza isifunguke. Sevu ndani ya gemu pia, kila siku. Kaseti za Super Nintendo hutunza sevu kwa betri ya CR2032 iliyomo ndani. Ikiisha, sevu zote zinapotea. Fundi anayebadilisha aweke betri yenye miguu ya kulehemu, maana kulehemu moja kwa moja juu ya betri kunaiua.

Na kuna mtego mmoja maarufu wa kuutaja kwa jina. Katika Final Fantasy Tactics utaingia ngome ya Riovanes, ambako mapigano yanafuatana na kati yake unaulizwa kama unataka kusevu. Ukisevu humo huwezi kutoka tena kwenda kufanya mazoezi, na pigano linalofuata Ramza, mhusika wako mkuu, anaachwa peke yake mbele ya bosi Wiegraf. Mwenye nafasi moja ya sevu na Ramza dhaifu hana njia, anaanza gemu upya baada ya saa 20 au zaidi. Kabla ya kuvuka lango, sevu kwenye nafasi ya 2, na usiiguse mpaka uwe umetoka upande wa pili.